Kamba za Nyuzi za Mimea na Nafasi Yake Kibera na Kawangware

Mada ya mhadhara huu ni kamba inayotokana na nyuzi za mimea, hasa ile inayojiotea yenyewe. Kusudi ni kueleza jinsi nyuzi hizo zinavyopatikana na zinavyogeuka kuwa kamba, kisha kupima kwa haki kama ufundi huu una kazi ya kufanya Kibera na Kawangware leo, ambako kila duka la vifaa linauza kamba ya manila ya plastiki kwa bei ya chini. Jibu litolewe mapema ili asiwepo wa kulingoja hadi mwisho: kazi ipo, lakini si kazi zote, na wanaousifu ufundi huu kupita kiasi wanauharibia jina.

1. Nguvu ya kamba iko katika msokoto

Unyuzi mmoja wa mmea ni mfupi. Wa katani hufika mita moja na zaidi kidogo. Wa makumbi ya nazi mara nyingi hauzidi shibiri moja na nusu. Hata hivyo kamba ya mita mia moja hutengenezwa kwa nyuzi hizo hizo bila gundi wala fundo. Kinachozishika ni msuguano. Nyuzi zikisokotwa pamoja hulala mshazari, na kamba inapovutwa hubanana kwa ndani. Kadiri mvuto unavyozidi, ndivyo zinavyokazana. Zisiposokotwa, zitateleza moja juu ya nyingine na kuachana.

Jambo la pili halionekani kwa haraka. Kifungu kimoja kikisokotwa na kuachiliwa, hufumuka mara moja. Kwa hiyo fundi husokota vifungu viwili kuelekea upande mmoja, kisha huvipota pamoja kuelekea upande wa pili. Kila kifungu kinataka kufumuka kwa njia yake, na kamba nzima inataka kufumuka kwa njia iliyo kinyume. Mivuto hiyo miwili inazuiana, na kamba inatulia mkononi. Mwenye shaka achukue uzi wa cherehani, ausokote hadi ujikunje, aukunje katikati na kuuachilia. Utajipota wenyewe.

Ujuzi huu ni wa kale kuliko kilimo. Katika pango la Enkapune ya Muto, karibu na Naivasha, wataalamu wa mambo ya kale walifukua shanga za ganda la yai la mbuni zenye umri wa takriban miaka 40,000. Shanga iliyotobolewa inahitaji kitu cha kupita tunduni, ingawa uzi wenyewe umeshaoza zamani. Ushahidi wa kamba yenyewe umetoka Ufaransa, mahali panapoitwa Abri du Maras: kipande kidogo mno cha vifungu vitatu, cha nyuzi za gome la ndani la mti, kilichoachwa na Waneandertali, jamii ya binadamu wa kale, zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 2020. Vifungu vyake vilisokotwa upande mmoja na kupotwa upande wa pili, vilevile kama anavyofanya msusi wa leo wa kikapu cha kiondo.

2. Si kila mmea mgumu unatoa kamba

Nyuzi zinazofaa hupatikana katika sehemu tatu za mmea: gome la ndani, jani, na ganda la tunda.

Za gome ndizo laini na tamu kusokota. Jamii ya mimea ya bamia, mbuyu na pamba ina sifa hiyo kwa wingi. Nyanda za juu za katikati ya Kenya zina kichaka ambacho Wakikuyu hukiita mũgio. Fito zake hukatwa, gome likabanduliwa, na utando wa ndani ukatengwa na ule wa nje wenye rangi ya udongo. Viondo vya zamani vya Wakikuyu vilisukwa kwa nyuzi hizo. Kwa Wakamba, penye joto na ukavu, mbuyu ulichukua nafasi hiyo. Mti huo una tabia njema isiyo ya miti mingi: ukibanduliwa gome kwa kiasi, huliotesha upya.

Za jani ni ngumu na ndefu. Hapa mwenye enzi ni mkonge. Mkonge wa porini, wa asili ya Afrika, una majani yanayochomoza moja kwa moja kutoka ardhini, mengine mviringo kama fimbo, yenye mabaka ya kijani kilichoiva na kijani kilichofifia. Unaota chini ya migunga katika sehemu kavu, na hata katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Watu wa mjini humjua ndugu yake aliyewekwa chunguni sebuleni bila kujua kwamba wana kamba ndani ya nyumba. Katani ya mashambani ni mmea mwingine kabisa. Hiyo ni mgeni kutoka Mexico, iliyoletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Kati ya miche 1,000 iliyotumwa kutoka Florida, ni 62 tu iliyofika Tanga ikiwa hai. Kutoka huko na kwingineko ilienea, Kenya ikiwemo, na mashamba makubwa yangali Mwatate, Vipingo na Kibwezi. Wakulima wadogo waliipanda kama ua wa kuzuia mifugo, na mahali pengi imetoroka uani ikawa gugu la kando ya barabara. Kwa msingi huo inaingia katika mhadhara huu: ni ya kigeni kwa asili, lakini sasa inaota bila kulimwa.

Za ganda ni hadithi ya pwani. Usumba wa makumbi ya nazi ndio ulioshona mtepe, jahazi la Wabajuni na watu wa Lamu lisilo na msumari hata mmoja. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza tayari kinataja mashua za kushonwa katika bandari ya kale ya Rhapta kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Nairobi haina minazi, basi na tuishie hapo.

Je, Kibera na Kawangware zina nini? Mitaa hii miwili haifanani. Kibera ilikuwa msitu pale askari Wanubi wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles walipopewa makazi mwanzoni mwa karne ya 20. Upande wake wa kusini ni Bwawa la Nairobi, ambalo kwa miaka mingi limefunikwa na gugu maji. Kawangware iko katika ardhi ya Dagoretti iliyokuwa mashamba ya Wakikuyu, na Mto Nairobi, unaoanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, unapita kando yake. Malighafi iliyo karibu ni ya aina nne: katani ya nyua na kingo za barabara, maganda makavu ya migomba ya viwanjani, ukindu wa mikindu inayoota kando ya mito, na gugu maji lenyewe.

Hilo la mwisho linahitaji neno la tahadhari, kwa sababu limesifiwa sana tangu lilipovamia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Shina lake likikaushwa linasukika vizuri, na mafundi wa Kisumu hutengenezea vikapu na viti. Lakini ni shina la sifongo: limejaa hewa, nyuzi zake ni chache. Linafaa kwa msuko mnene wa kupendeza, halifai kwa kamba ya kubeba mzigo. Anayemwambia kijana wa Silanga au Lindi huko Kibera kwamba bwawa lote lile ni kamba inayongoja kuvunwa anamdanganya.

Tahadhari nyingine ni ya usalama. Nyua nyingi za viunga vya Nairobi ni za mnyaa, ule mti wa vijiti vya kijani visivyo na majani. Utomvu wake mweupe hupofusha macho kwa muda na huunguza ngozi. Hauna nyuzi na usiguswe. Na maji ya jani bichi la katani huwasha. Anayelikwangua afunike mikono.

3. Kukwangua kunafaa mjini kuliko kuloweka

Nyuzi hutolewa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuloweka: mmea huzamishwa majini, vijidudu hula ule ute unaogandisha nyuzi pamoja, na baada ya muda zinaachana zenyewe. Wanawake wa Unguja hufukia makumbi katika tope la pwani, wakaweka mawe juu, na kuyaacha kwa miezi kadhaa kabla ya kuyafukua na kuyatwanga kwa rungu hadi unga utoke na usumba ubaki. Mahali penye bahari inayojaa na kutoka bila malipo, njia hiyo haina mpinzani.

Kibera na Kawangware mambo ni tofauti. Mto Nairobi na mito inayoingia bwawani hubeba maji taka, na mtu anayesimama humo kuosha nyuzi anajitafutia maradhi. Maji safi hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na maji ya kulowekea hunuka vibaya kiasi cha kuleta ugomvi na jirani wa ukuta wa pili. Kwa hiyo hukumu ni moja: mjini nyuzi zikwanguliwe.

Kazi hiyo ni rahisi kuieleza kuliko kuifanya. Jani la katani lililokomaa, la chini kabisa shinani, hukatwa kwa panga na kuondolewa mwiba wa nchani na miba ya pembeni. Hupasuliwa kwa urefu kuwa mapande membamba, kisha hupondwa kidogo kwa mti, bila kukatwa. Pande moja hulazwa juu ya ubao laini. Kisu butu au bapa la chuma hubanwa juu yake kwa mkono mmoja, na mkono wa pili hulivuta pande. Nyama ya kijani hubaki nyuma kama uji, na upande wa mbele hutokea shada la nyuzi nyeupe, lenye unyevu, linalong'aa. Likigeuzwa na kuvutwa tena kwa upande uliokuwa umeshikwa, limekwisha. Huoshwa mara moja kwenye beseni na kuanikwa kwenye kamba ya nguo. Jua la asubuhi hulifanya jeupe zaidi. Kisu kikiwa kikali, nyuzi hukatika na kazi yote ni bure. Wanaoanza karibu wote hunoa kisu kwanza.

Kiasi nacho kijulikane. Nyuzi ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi, yaani kilo 25 za majani kwa kilo moja ya nyuzi. Mabaki yasitupwe mtaroni. Yakichanganywa na taka za jikoni huoza na kuwa mbolea ya bustani za magunia, zile zilizoenea Kibera kuanzia mwaka 2008 pale shirika la misaada la Solidarités lilipozihimiza baada ya ghasia za uchaguzi.

Maganda ya mgomba hayadai kazi hiyo yote. Yale yaliyokauka shinani huchanwa tu, hulowanishwa kidogo yasivunjike, na yako tayari kufungia mafungu ya sukuma wiki. Mama mboga wengi wanalijua hilo bila mhadhara.

4. Mkono na paja ni mashine kamili

Msusi wa kiondo hukaa, miguu ameinyoosha au ameikunja, na kulaza vifungu viwili vya nyuzi sambamba juu ya paja la kulia, vikiwa vimeachana kwa upana wa kidole. Mkono wa kushoto unashika pale vilipoungana. Kiganja cha kulia kinavisukuma kuelekea gotini. Kila kimoja kinasokotwa peke yake. Bila kuinua kiganja, anavisogeza vikutane, kisha anakirudisha kiganja kuelekea nyonga, na vifungu vinapotana kwa upande wa pili. Kwenda na kurudi, basi. Sentimita chache za ugwe zimekwisha, na mkono wa kushoto unasogea mbele. Paja kavu halishiki, kwa hiyo wengine hujipaka majivu au maji kidogo. Kasi ya msusi aliyezoea humfanya mtazamaji adhani nyuzi zinajisokota zenyewe, na mara nyingi mdomo uko katika mazungumzo mengine kabisa.

Siri ya ubora iko katika kuunga. Kifungu kinapopungua unene, nyuzi mpya huingizwa kabla hakijaisha, ncha zake zikipishana na za zamani kwa urefu wa kiganja hivi. Vifungu viwili visiungwe mahali pamoja hata siku moja, maana hapo ndipo kamba itakapokatikia. Unene uwe sawa. Kifungu chembamba kikikutana na kinene, chembamba hukizunguka kinene badala ya kupotana nacho, na mzigo wote huelemea kimoja. Msokoto ukizidi, nyuzi hulala kikingamo na nguvu hupungua; ukipungua, huteleza. Kamba nene hupatikana kwa kurudia mchezo ule ule: nyugwe mbili au tatu zilizokamilika huchukuliwa kama vifungu vipya na kupotwa kinyume.

Fundo nalo lina gharama. Mafundo mengi hupunguza nguvu ya kamba kufikia karibu nusu, jambo ambalo vijana wa mikokoteni wanalijua kwa kukatikiwa mlimani.

Akina mama Wanubi wa Makina, huko Kibera, wana ufundi wa karibu na huu usiopaswa kusahauliwa: tabaga, kile kifuniko cha chakula chenye rangi nyingi. Hapo nyasi hazisokotwi kuwa kamba, bali huzungushwa na kushonwa mduara juu ya mduara. Ni ufundi mwingine, ila nao unategemea mimea.

5. Soko limebadilika mara mbili

Plastiki iliingia kwa kishindo katika miaka ya 1960 na 1970. Tanzania, iliyozalisha zaidi ya tani 200,000 za katani mwaka 1964, ilishuka vibaya mno, na Kenya pia iliumia. Katika viondo vyenyewe, nyuzi za gome zilikwisha kuachia nafasi katani, kisha katani ikaachia nailoni na nyuzi za sweta za mitumba zilizofumuliwa, zenye rangi ambazo hakuna mzizi wa porini unaoweza kuzitoa. Si haki kuwalaumu wasusi. Sweta kuukuu kutoka soko la mitumba la Toi linafumuliwa jioni moja. Kilo ya nyuzi za gome inadai siku kadhaa na msitu ambao haupo tena.

Badiliko la pili lilikuja tarehe 28 Agosti 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, kwa adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne. Kikapu kilirudi mabegani mwa wanunuzi. Hata hivyo, marufuku hiyo iligusa mifuko, haikugusa kamba, na kamba ya manila imebaki mfalme.

Kutokana na hayo, mipaka ya kamba ya nyuzi inaweza kuchorwa bila ushabiki. Inashinda mahali ambapo maisha mafupi ni faida: kufungia mboga, kuegemeza nyanya katika bustani za magunia, kufunga miche, kwa kuwa ikianguka udongoni huoza, nayo ya plastiki hukaa ikiziba mitaro hadi mvua kubwa ifike na nyumba zijae maji. Inashinda pia penye thamani ya mkono: kiondo cha nyuzi halisi huuzwa ghali kuliko cha nailoni kwa mnunuzi anayejua tofauti. Inashindwa penye unyevu wa kudumu na mzigo mzito. Katani ikilowa hujikaza na mafundo hayafunguki. Ikikaa na maji muda mrefu huoza kwa ndani wakati nje inaonekana nzima. Kwenye kazi ambayo uhai wa mtu unaning'inia, iwe kupanda juu ya jengo au kushuka shimoni, kamba ya kusokotwa nyumbani isitumike kabisa. Hili halina mjadala.

6. Mwenye mmea aulizwe

Hapa maneno ni machache. Ua wa Kawangware ni mali ya mwenye kiwanja. Msitu wa Barabara ya Ngong, ulio jirani na Kibera, ni msitu wa hifadhi. Kukata chochote humo kunahitaji kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya chini ya sheria ya mwaka 2016. Gome lisibanduliwe kuzunguka mti wote, kwani mti hufa. Pande moja jembamba linatosha. Na katani isikatwe majani ya katikati.

Mtazamo wa mbele

Shule za Kenya sasa zinafuata mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, na ndani yake ususi na ufumaji ni sehemu ya masomo ya sanaa ya shule za msingi. Walimu hulalamika kwamba vifaa ni ghali, na wazazi huagizwa kununua nyuzi za dukani. Wakati huo huo, katika nyumba za Kibera na Kawangware wamo akina mama na akina nyanya wanaojua kusokota kwa paja, ambao shule haijawahi kuwaalika.

Mmea wa katani unapokaribia mwisho wa maisha yake hutoa mlingoti mrefu, na juu ya mlingoti huo vichipukizi vingi vidogo vinavyoanguka vikiwa tayari kuota. Havigharimu chochote, haviombi maji mengi, na majani ya kwanza huvunwa baada ya miaka miwili hadi mitatu. Vikundi vya akina mama na walimu wakuu waliohudhuria wanaombwa wakubaliane juu ya ua wa shule moja Kibera na mmoja Kawangware, wapande vichipukizi hivyo katika mvua fupi zijazo, na wasingoje mavuno kuanza mafunzo: maganda ya migomba yanapatikana sokoni leo, na darasa la kwanza halihitaji kingine.